Watoto wa Dohani: Miaka 87 ya Sheria Zisizo na Msimamizi

Kati ya mwaka 1788 na mwaka 1875 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria tano za kuwalinda watoto waliokuwa wakipandishwa ndani ya dohani za nyumba ili kuzifagia, na nne za kwanza hazikufua dafu. Historia ya sheria hizo inastahili kuangaliwa kwa makini, maana si historia ya taifa ambalo halikujua lililokuwa likitendeka. Maradhi ya watoto hao yalikwisha kuelezwa na daktari mashuhuri kabla ya sheria ya kwanza kutungwa, vifo vyao vilijadiliwa bungeni, na chombo cha kufanya kazi hiyo bila kumwingiza mtoto dohanini kilibuniwa zaidi ya miaka 70 kabla ya sheria ya mwisho. Walichokosa watoto ni mtu mwenye mamlaka aliyewajibishwa na sheria kuuliza, kabla ya kazi kuanza, ni nani anayeifanya na kwa ruhusa ya nani. Wazo la kuweka ruhusa ya namna hiyo lilitolewa mwaka 1788, likakataliwa, na halikurudi katika sheria ila baada ya vizazi vitatu vya watoto kupita mekoni.

Dohani ni njia ya moshi iliyojengwa ndani ya ukuta, inayoanzia mekoni na kutokeza juu ya paa. Katika nchi ya baridi kama Uingereza, nyumba ya mtu mwenye uwezo ilikuwa na meko karibu katika kila chumba. Zamani, watu walipokuwa wakikoka moto wa kuni, njia hizo zilikuwa pana. Lakini katika karne ya 17, na hasa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666 ulioteketeza sehemu kubwa ya London na kulazimisha jiji lijengwe upya kwa matofali, makaa ya mawe yalizidi kushika nafasi ya kuni, na makaa hayo huwaka vizuri pale njia ya moshi inapokuwa nyembamba na yenye kuvuta hewa kwa nguvu. Kipimo cha kawaida kikawa inchi 9 kwa 14, yaani kama sentimita 23 kwa 36, na njia nyingine zilikuwa na inchi 9 tu kila upande. Kwa kuwa njia za vyumba kadhaa zilikusanywa ili zitokee mahali pamoja juu ya paa, zilipindapinda ndani ya kuta, zikalala, zikainuka tena, na kufanya kona kali ambamo masizi yalirundikana. Masizi yasipoondolewa huziba njia ya moshi, na mara nyingine hushika moto na kuiunguza nyumba nzima. Ufagio wenye mpini mrefu haukuweza kupinda kwenye kona hizo, lakini mtoto mdogo aliweza.

Namna kazi ilivyofanywa inaeleweka vizuri kutokana na ushahidi uliotolewa mara kwa mara mbele ya kamati za Bunge. Mtoto alivua nguo, au alibaki na shati tu, akavutiwa kofia ya kitambaa hadi kidevuni ili masizi yasimwingie machoni na puani, kisha akaanza kupanda kwa kujisukuma kwa mgongo, viwiko na magoti, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa juu na burashi na mwingine umebanwa ubavuni. Hatari kubwa ilikuwa kuteleza, kwa sababu magoti yakijikunja hadi kidevuni mwili ulikaza ndani ya njia kama kabari, na kadiri mtoto alivyojitahidi kujinasua ndivyo alivyozidi kukwama, huku masizi aliyoyaporomosha yakimfunika na kumziba pumzi. Mwenzake alitumwa kumfunga kamba miguuni ili avutwe; ikishindikana ukuta ulibomolewa, na wabomoaji wengine walimkuta amekwisha kukata roho. Mtoto aliyeogopa kupanda alifuatishiwa mwenzake wa kumchoma pini nyayoni, au majani makavu yaliwashwa chini yake. Ngozi ya viwiko na magoti ilichubuka hadi ikatoa damu, na dawa waliyoijua mabwana ilikuwa kuisugua kwa maji makali ya chumvi mbele ya moto mpaka ifanye sugu.

Wengi wa watoto hao walikuwa wanagenzi, yaani watoto waliofungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa kwa bwana mmoja ili wajifunze ufundi wake. Chini ya sheria za masikini za wakati huo, kila parokia, ambayo ilikuwa eneo la kanisa na pia eneo la utawala, ilibeba gharama za yatima na watoto wa mafukara wake, na kumkabidhi mtoto kwa mfagia dohani pamoja na kiasi kidogo cha fedha kulikuwa njia nafuu ya kuutua mzigo huo. Wengine walitolewa na wazazi wao wenyewe kwa malipo, maana mtoto mdogo na mwembamba alikuwa na bei. Wapo pia mabwana waliowapandisha watoto wa kuwazaa, wakiwamo wasichana. Walianza wakiwa na miaka 6 au 7, mara nyingine chini ya hapo, na baada ya miaka michache mwili ulikuwa umekua mno kwa njia nyembamba, hivyo kijana alijikuta hana kazi, ana magoti yaliyopinda, na hana ufundi ambao mtu mwingine angeweza kumlipa. Masizi yenyewe yalikuwa mali ya bwana, kwa sababu wakulima waliyanunua na kuyatumia kama mbolea, na magunia yaliyobebea masizi mchana ndiyo yaliyokuwa matandiko ya watoto usiku. Maji ya kuoga yalikuwa anasa.

Madhara ya kulala na kuamka katika masizi yalitambuliwa mapema. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's mjini London, aliandika kwamba saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wafagia dohani ilitokana na masizi yaliyokaa katika mikunjo ya ngozi, na andiko hilo huhesabiwa na wanahistoria wa tiba kuwa la kwanza kuhusisha saratani na kazi maalumu. Ugonjwa huo haukujitokeza utotoni bali baada ya kubalehe, na mara nyingi katika utu uzima, kwa hiyo mtu aliyepandishwa dohani akiwa na miaka 6 aliweza kuyalipia masizi hayo kwa uhai wake miaka mingi baada ya kuiacha kazi. Pott hakuishia kwenye uvimbe, bali alieleza kwa uchungu hatima nzima ya watoto hao, tangu ukatili wa utotoni hadi maradhi ya ukubwani. Kwa hiyo wabunge waliokutana mwaka 1788 hawakuwa na sababu ya kudai kuwa hawakuarifiwa.

Kilio cha hadhara kilianzishwa na Jonas Hanway, mfanyabiashara aliyepata kusafiri Urusi na Uajemi kisha akatumia miaka yake ya baadaye kuwatetea watoto wa mafukara, lakini alifariki mwaka 1786 bila kuona sheria yoyote. Aliyeendeleza kazi alikuwa David Porter, naye alikuwa bwana wa wafagia dohani aliyeijua biashara hiyo kutoka ndani. Sheria iliyopitishwa mwaka 1788 iliagiza kwamba mtoto asifungwe uanagenzi kabla ya kutimiza miaka 8, kwamba bwana mmoja asiwe na wanagenzi zaidi ya 6, kwamba mtoto apewe mavazi ya kufaa, na kwamba aruhusiwe kwenda kanisani Jumapili. Pamoja na hayo kulikuwa na pendekezo kwamba kila bwana awe na leseni. Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge ambalo wajumbe wake walikaa kwa urithi wa cheo au kwa nafasi ya uaskofu, halikulikubali, na hivyo nchi ikabaki na orodha ya mambo mema ambayo hakuna aliyekabidhiwa kuyasimamia. Hata umri wenyewe haukuweza kuthibitishwa, kwa kuwa usajili wa kiserikali wa vizazi katika Uingereza na Wales ulianza mwaka 1837. Kabla ya hapo vilikuwapo vitabu vya ubatizo vya parokia, na mtoto wa fukara asiye na makazi huenda hakuandikwa katika kitabu chochote. Bwana akisema mtoto ametimiza miaka 8, basi ametimiza.

Hisani haikukosekana katika miaka hiyo. Elizabeth Montagu, mwanamke tajiri wa London, aliwaandalia watoto wapandaji karamu kila tarehe 1 Mei, siku ambayo kwa desturi ilikuwa sikukuu yao. Hakuna sababu ya kutilia shaka wema wake, na bila shaka kwa watoto wengi ndiyo ilikuwa nyama pekee ya kushiba katika mwaka mzima, ila tarehe 2 Mei walirudi dohanini.

Mwaka 1803 iliundwa London jumuiya iliyojiwekea lengo la kuondoa haja ya kutumia watoto, nayo ikahimiza kwa zawadi ubunifu wa chombo mbadala. George Smart, mfanyabiashara wa mbao, alitengeneza burashi iliyosukumwa juu kwa vipande vya mti vyenye uwazi ndani, vikishikanishwa na kamba moja iliyopita katikati na kukazwa kutoka chini. Mwaka 1828 Joseph Glass alikiboresha chombo cha aina hiyo kwa kutumia fimbo za henzirani zinazopindika na kuunganishwa kwa skrubu, na burashi za kufagilia dohani zilizotumika baadaye hazikutofautiana sana na yake. Katika miji ya Scotland ilikuwapo hata njia rahisi zaidi, ambapo mtu mzima alisimama juu ya paa na kushusha burashi yenye uzito kwa kamba. Dohani chache zenye kona kali mno zilihitaji ukuta utobolewe na kuwekwa kijimlango cha chuma ili burashi ipitishiwe hapo, na hapo ndipo upinzani ulipokita mizizi, maana dohani hizo zilikuwa katika majumba ya wakubwa, na wakubwa ndio waliokaa katika Baraza la Malodi.

Mwaka 1817 kamati teule ya Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, ilikusanya ushahidi wa kutosha kumshawishi mtu yeyote, na miswada iliyofuata mwaka 1818 na 1819 ilikubaliwa na baraza hilo, lakini ilipofika kwa malodi ilizimwa. Hoja zilizotumika zilikuwa za usalama wa mali: kwamba burashi haifiki kila mahali, kwamba nyumba zitaungua, na kwamba mabadiliko yaachiwe dhamiri za watu badala ya amri ya sheria. Mwaka huohuo wa 1819 Sydney Smith, kasisi na mwandishi aliyesifika kwa misimamo yake ya kutetea wanyonge, alichapisha katika jarida la Edinburgh Review makala yaliyoeleza kwa kina mateso ya watoto hao, kisha akahitimisha kwamba haiwezekani kuwaacha kabisa bila kuhatarisha mali. Makala hayo yanauma kuyasoma hata leo, kwa sababu mwandishi wake hakuwa mtu katili. Alihesabu upande mmoja majeraha ya mtoto na upande wa pili dari la nyumba, akaliona dari kuwa zito zaidi.

Sheria ya mwaka 1834 ilijaribu njia ya ridhaa. Mwanagenzi alitakiwa kusema mwenyewe mbele ya hakimu kwamba anaitaka kazi hiyo, asiazimwe kwa bwana mwingine, na asipandishwe dohani inayowaka moto ili akauzime. Ni vigumu kufahamu mtunga sheria alitarajia nini kutoka kwa mtoto yatima aliyesimamishwa mbele ya hakimu huku bwana wake mtarajiwa akiwa pembeni. Mwaka 1840 Bunge lilikwenda mbali zaidi na kukataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 21 kupandishwa dohani, na kukataza uanagenzi katika biashara hiyo kwa walio chini ya miaka 16. Kwa maandishi mambo yalikuwa yamekwisha. London kwa kiasi kikubwa ilitii, lakini katika miji ya mikoani na katika majumba makubwa ya mashambani watoto waliendelea kupanda, kwa sababu kesi hazikufunguliwa na dola bali na jumuiya za watu wa kujitolea, na mahakimu waliozisikiliza mara nyingi walikuwa wenye nyumba ambao dohani zao wenyewe zilifagiwa na watoto. Bwana aliyenunua burashi na kufuata sheria alipoteza wateja kwa jirani yake aliyeivunja, hivyo sheria ilimwadhibu mtiifu kwa umasikini na kumwacha mkaidi na faida yake.

Tofauti na viwanda inasaidia kueleza jambo hili. Sheria ya viwanda ya Agosti 1833, iliyopitishwa mwezi mmoja na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza, ilikataza watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, ikapunguza saa za kazi za walio chini ya miaka 13 hadi 9 kwa siku, na zaidi ya yote ikaanzisha wakaguzi wanne waliolipwa na serikali, wenye haki ya kuingia kiwandani na kuandika taarifa. Wanne walikuwa wachache mno kwa maelfu ya viwanda, na walidanganywa sana kuhusu umri, lakini taarifa zao, hasa za Leonard Horner aliyeifanya kazi hiyo hadi mwaka 1859, zililifanya Bunge lisiweze tena kudai kuwa halikujua. Mwaka 1842 ilikuja sheria ya migodi iliyowatoa chini ya ardhi wanawake wote, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10. Kiwanda kilikuwa na lango na kengele, na mkaguzi alijua pa kubisha hodi. Dohani ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu, ikifagiwa kabla ya mapambazuko, na Waingereza waliona kuingia katika nyumba ya mtu kuwa jambo zito kuliko mtoto kukwama ukutani mwake.

Aliyekataa kuliachia jambo hilo alikuwa Anthony Ashley-Cooper, ambaye kuanzia mwaka 1851 alijulikana kama Lodi Shaftesbury, mtetezi yuleyule wa watoto wa viwandani na migodini. Miswada yake kadhaa ya miaka ya 1850 ilikwama. Mwaka 1863 tume ya uchunguzi wa ajira za watoto ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba katika baadhi ya sehemu idadi ya watoto wapandaji ilikuwa inaongezeka, na bwana mmoja wa Nottingham alieleza mbele yake waziwazi jinsi ngozi za watoto zilivyofanywa sugu kwa maji ya chumvi. Mwaka huohuo Charles Kingsley alichapisha kitabu cha hadithi, The Water-Babies, ambacho mhusika wake mkuu ni mtoto mfagia dohani, na mada ikaingia katika sebule za watu wenye nafasi. Sheria ya mwaka 1864 iliongeza makali kwa kuweka faini ya pauni 10 na kumruhusu hakimu kumfunga mkosaji kifungo chenye kazi ngumu, lakini bado ilingoja mtu wa kujitolea aende kushtaki.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuukumbuka muongo uliofuata. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza watumwa kusafirishwa kwa bahari, baada ya Uingereza kutishia kuizingira Unguja kwa manowari zake. Biashara ile ilikuwa uovu, na kukomeshwa kwake kulikuwa haki, wala jambo la dohani halipunguzi hata chembe ya uovu huo. Lakini inafaa kutambua kwamba taifa lililokuwa na mabaharia wa kusimamisha jahazi katika mkondo wa Zanzibar na kufungua ngama zake kutazama waliomo, wakati huohuo halikuwa limempa askari wake hata mmoja wajibu wa kumuuliza mfagia dohani wa Cambridge mtoto aliyefuatana naye ni wa nini. Kule baharini ilifahamika wazi kuwa katazo bila ukaguzi ni karatasi.

Mwaka 1872 mtoto wa miaka kama 7 alikufa kwa kukosa pumzi katika dohani huko kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na Gateshead. Februari 1875 George Brewster, mwenye miaka 11, alitumwa na bwana wake, William Wyer, kufagia njia za moshi za hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fulbourn, karibu na Cambridge. Alikwama, ukuta ukabomolewa, akatolewa, na akafa muda mfupi baadaye. Haikuwa nyumba ya lodi wala ya tajiri mkaidi, bali taasisi ya umma, miaka 35 baada ya sheria kukataza jambo hilo. Wyer alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kufungwa miezi 6 na kazi ngumu. Shaftesbury, akiwa na umri wa miaka 74, aliitumia kesi hiyo kuliamsha Bunge, na mwaka huohuo sheria ya tano ikapita.

Sheria ya 1875 haikuongeza umri wala kubuni kosa jipya la kutisha. Ilichofanya ni kumtaka kila mfagia dohani apate cheti cha polisi kinachohuishwa kila mwaka, na kuwapa polisi wajibu wa kuhakikisha sheria zote zilizotangulia zinafuatwa. Kuanzia hapo bwana aliyempandisha mtoto hakuwa tena na hesabu rahisi ya kulinganisha faini na faida, kwa kuwa alichohatarisha ni ruhusa yenyewe ya kuendesha biashara. Na mwenzake mwenye burashi, ambaye kwa miongo mingi alikuwa akinyang'anywa wateja, sasa alikuwa na kituo cha polisi cha kupelekea malalamiko yake. Upande wa pili mlango ulifungwa na shule, maana sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilianza kueneza shule za msingi kila eneo, na ile ya 1880 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, yaani umri uleule ambao mabwana waliutafuta. Kwa hiyo mtoto aliyekosekana darasani alikuwa na mtu wa kumtafuta, na mfagia dohani aliyefuatana naye alikuwa na cheti cha kupoteza. Masharti ya cheti hicho yaliendelea kuwamo katika sheria za nchi hadi yalipofutwa mwaka 1938.